Hanania, Mishaeli na Azaria

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Danieli 1:1–7)

 

Nakaa Mtito Andei, na yeyote aliyepita hapa mwezi wa Januari anajua nitakalosema. Mji wetu uko katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, na mabasi mengi husimama hapa abiria wapate kula. Shule zinapofunguliwa, kituo cha mabasi hujaa masanduku ya bati. Kila sanduku limeandikwa jina kwa rangi nyeupe, na kando yake amesimama mtoto aliyevaa sweta mpya iliyomzidi mikono. Januari moja nilimsikia mama akimwita bintiye kwa sauti, "Mueni! Mueni!", amfuate kwenye basi lingine. Yule msichana hakugeuka. Nilipotazama sanduku lake niliona jina la Kiingereza, na baada yake jina la babaye. Mueni halikuwamo. Wakamba wenzangu mnaelewa: Mueni ni mtoto aliyezaliwa siku wageni walipofika nyumbani. Jina hilo ni habari ya siku yake ya kwanza duniani, naye aliona haya kuitwa hivyo mbele ya wenzake.

Nimekuwa nikimfikiri msichana yule, na ndiyo sababu leo nawaomba mfungue kitabu cha Danieli, sura ya kwanza.

Mnakijua kisa. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliuhusuru Yerusalemu, akachukua vyombo vya nyumba ya Mungu. Kisha akachukua na watoto. Hakuchukua wowote tu, bali vijana wazuri wa sura, wenye akili, wa jamaa za kifahari. Aliagiza wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, wale chakula cha mezani pake, na mwisho wasimame mbele yake kama watumishi wa serikali. Ndugu zangu, hiyo ilikuwa shule ya bweni. Chakula kilikuwa kizuri, walimu walikuwa hodari, na kazi ilikuwa tayari mbele. Wazazi wangapi wa leo wangekataa nafasi kama hiyo?

Lakini kabla ya somo la kwanza, mkuu wa matowashi alifanya jambo moja: aliwabadili majina. Katika Kiebrania kila jina la vijana wale lilikuwa na Mungu ndani yake. Danieli maana yake Mungu ndiye mwamuzi wangu. Hanania, Bwana amefadhili. Mishaeli, ni nani aliye kama Mungu? Azaria, Bwana amesaidia. Walipewa majina ya Kibabeli, na baadhi yalibeba miungu ya Babeli. Hata Belteshaza, alilopewa Danieli, Nebukadneza mwenyewe alisema limetokana na jina la mungu wake.

Siku moja niliwauliza watoto wa shule ya Jumapili, ni nani waliotupwa katika tanuru ya moto? Walijibu kwa kishindo: Shadraka, Meshaki na Abednego! Nikauliza, mama zao waliwaitaje? Kanisa lote likanyamaza. Mwalimu wao alitazama sakafu. Nami nisijisifu, kwa maana ilinibidi nifungue Biblia nipate mpangilio sawasawa. Watu wale walikataa kuisujudia sanamu, wakaona ni afadhali kuungua, na sisi mpaka leo twawaita kwa majina waliyopewa na mkuu wa matowashi.

Sasa nataka tuiache Babeli twende pwani yetu wenyewe, maana Kanisa letu nalo lilikuwa na shule kama hizo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyojaa watu. Watu hao wangepelekwa wapi? Mwalimu wa Kanisa aitwaye William Salter Price alitumwa na chama cha C.M.S. kuja Mombasa, na mwaka 1875 makao yakafunguliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Yaliitwa Freretown, kwa heshima ya Sir Bartle Frere aliyetumwa na Uingereza kujadiliana na Sultani. Kengele yake iko hata leo penye njia ya Nyali, na wasafiri wengi huipita bila kujua ni kengele ya nini.

Watoto walioshushwa pale walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo na wengine wengi. Wengi hawakuweza hata kuzungumza wao kwa wao. Walipewa nguo, chakula, mahali pa kulala, kitabu na kazi ya mikono. Kengele iliwaamsha, ikawapeleka sala, ikawapeleka shule na shamba.

Hapa yatupasa kusema kweli tusije tukatoa ushuhuda wa uongo. Freretown haikuwanyang'anya watoto hao mama zao. Waliowanyang'anya ni wafanya biashara ya watumwa, waliochoma vijiji na kuwafunga minyororo. Kanisa liliwapokea waliokuwa wamekwisha kupotezwa. Mtu akisema kwamba Freretown ilikuwa sawa na jahazi la watumwa, atakuwa amewakosea hata wale waliookolewa.

Lakini ni kweli vilevile kwamba mtoto aliyekuwa amebakiwa na kitu kimoja tu kutoka kwao, yaani jina lake, mara nyingi alipobatizwa aliambiwa akiache nacho. Na viboko vilikuwapo. Mambo yalizidi hata mwaka 1881 maofisa wa Kiingereza wakaja kuchunguza malalamiko ya kupigwa na kufungwa watu katika makao hayo ya rehema. Msimamizi wa wakati ule aliondolewa, na Price akarudishwa kutengeneza mambo. Watu walioponywa mijeledi ya jahazi walikutana na fimbo ndani ya uwanja wa kanisa. Habari hizi tulizisoma haraka haraka chuoni, tukaendelea na majina ya maaskofu.

Mkumbukeni William Jones. Alikuwa mtoto wa bara aliyeuzwa utumwani, akakombolewa baharini, akapelekwa India. Huko C.M.S. walikuwa na makao ya watoto Waafrika karibu na mji wa Nasik, ambayo Price aliyasimamia kabla ya kuja kwetu. Waliolelewa kule ndio walioitwa pwani "Wabombei": William Jones, Ishmael Semler, George David, na Jacob Wainwright aliyeusindikiza mwili wa Livingstone mpaka London mwaka 1874. Yasikilizeni majina hayo. Ungeyasoma bila kuambiwa, ungedhani ni wachuuzi wa Bristol.

Watu hawa ndio waliolijenga Kanisa la Anglikana la Kenya kabla mmoja wetu hajazaliwa. Jones na Semler walifanya kazi Rabai pamoja na mzee Rebmann kabla Freretown haijakuwapo. George David alifundisha kati ya Wagiriama, akafa kabla ya kuwekewa mikono. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwaweka Jones na Semler kuwa mashemasi, na mwaka huohuo akamchukua Jones kwenda naye Uganda. Njia yao ilipita Taita na Ukambani, yaani haikuwa mbali na hapa niketipo. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki, miezi ya njaa na hofu, mpaka Rabai. Walipoingia mwanzoni mwa 1886 walitanguliwa na bendera ya samawati yenye neno moja limeandikwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi.

Ikabodi ni jina la mtoto. Mnakumbuka katika Samweli wa Kwanza, mke wa Finehasi alikuwa katika utungu alipopata habari ya kutekwa sanduku la Mungu na kufa kwa mumewe. Alimwita mwanawe jina hilo, akafa. Mama yule hakuwa na kingine cha kumwachia mwanawe isipokuwa jina. Naye William Jones, aliyetembea nyuma ya bendera ile, alikuwa na mama pia, huko bara, aliyempa jina siku alipozaliwa. Sisi tuliosoma historia ya Kanisa tulifundishwa "William Jones" tu.

Miaka iliyofuata Jones aligombana na wakubwa wake juu ya jinsi makasisi Waafrika walivyolipwa na kuhesabiwa kuwa chini ya Wazungu, na mwisho akaacha kazi. Walimpa jina la Kiingereza, wakamkatalia heshima ya Mwingereza.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwako, na Waanglikana wenzetu waliijaribu kule Zanzibar. Chama cha U.M.C.A. kilianza shule yake kwa wavulana watano ambao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer mwaka 1864. Baadaye shule ilikaa Kiungani. Askofu Steere na wenzake walifundisha kwa Kiswahili na kusema wazi kwamba hawataki kuwageuza wavulana kuwa Wazungu weusi. Mmoja wa wale watano aliitwa John Swedi, na mwingine wa Kiungani, Cecil Majaliwa, ndiye aliyepata ukasisi mwaka 1890. Majina ya kigeni yapo, lakini Swedi na Majaliwa hawakufutwa. Tena mwalimu wao Madan aliwaandikisha wavulana habari za kwao, jinsi walivyotekwa na desturi za nyumbani, akazichapisha mwaka 1887. Mtoto aliulizwa: umetoka wapi? Sisemi Kiungani haikuwa na fimbo, maana shule za siku zile zote zilikuwa na fimbo. Lakini kumwuliza mtoto ametoka wapi na kuandika jibu lake si jambo dogo.

Sasa niruhusuni nivuke bahari. Chama kile kile cha C.M.S. kilichojenga Freretown kilikuwa kimetangulia kufanya kazi Kanada. Mwaka 1820 kasisi John West alifika penye Mto Mwekundu akakusanya wavulana wa wenyeji wa asili katika shule ya kulala. Mmoja aliitwa Sakachuwescam. West alimbatiza kwa jina la mchungaji wake wa zamani huko Uingereza, Henry Budd. Alikua akawa shemasi mwaka 1850, mtu wa kwanza wa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini kuwekewa mikono katika Kanisa letu. Alikuwa mtumishi mwaminifu, ndugu yake William Jones kabisa, ingawa hawakuonana kamwe.

Lakini huko Kanada mambo yalikwenda mbali kuliko kwetu. Serikali ilichukua wazo la shule ya bweni, ikalifanya kuwa silaha. Serikali ilitoa fedha, makanisa yakaendesha: Wakatoliki shule nyingi kuliko wote, Waanglikana zaidi ya thelathini, na wengine. Mwaka 1920 sheria ilimpa mtumishi wa serikali uwezo wa kumchukua mtoto hata mzazi akikataa. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wapatao 150,000 walipita katika shule hizo. Walikatwa nywele. Waliitwa kwa namba. Walipigwa wakisema lugha ya mama. Wengi waliharibiwa miili na watu waliovaa mavazi ya dini. Mapema sana, mwaka 1907, daktari wa serikali, Peter Bryce, alionya juu ya kifua kikuu. Katika shule zilizomjibu, karibu robo ya wanafunzi waliopita humo walikuwa wamekwisha kufa. Alisomwa, akawekwa kando. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990, na Tume ya Ukweli na Upatanisho iliyomaliza kazi yake mwaka 2015 ilihesabu vifo zaidi ya 3,000, watoto wengine wakiwa wamezikwa bila hata jina juu ya kaburi.

Tarehe 6 Agosti 1993 Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Kanada, Michael Peers, alisimama mbele ya wenyeji hao mahali paitwapo Minaki, akaomba msamaha. Kati ya aliyoyakiri ni kwamba Kanisa lilikuwa limejaribu kuwaumba upya kwa mfano wetu sisi. Mwenye kusoma Mwanzo sura ya kwanza ataelewa uzito wa ungamo hilo. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Kanisa likaona mfano huo hautoshi. Mwaka 2022 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alikwenda Kanada naye akaomba msamaha.

Pengine msikilizaji mmoja anasema, mchungaji, hayo ni ya Kanada, huku kwetu hakuna serikali iliyowachukua watoto mikononi mwa mama zao. Ilikuwako, ndugu yangu, jirani kabisa. Katika Kongo na Ruanda-Urundi, Wabelgiji waliwaogopa watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika. Watumishi wa serikali waliwatafuta vijijini, wakawaondoa kwa mama zao, wakawatia katika misheni: Katende katika Kasai, Save katika Rwanda, na kwingineko. Baadhi walibadilishiwa majina na hata tarehe za kuzaliwa. Uhuru ulipokaribia, mamia ya watoto wa Save walipelekwa Ubelgiji kwa ndege, ndugu wakatenganishwa na ndugu. Wale wa Katende watawa walipoondoka katika machafuko ya uhuru, waliachwa.

Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo waliishtaki serikali ya Ubelgiji. Maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo walikuwa wameomba msamaha mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel mwaka 2019. Hata hivyo mahakama ya kwanza iliwakatalia mwaka 2021. Hawakuchoka. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua watoto hao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Walikuwa wamekuwa bibi wazee. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mjane wa Luka sura ya kumi na nane, aliyemwendea kadhi tena na tena.

Ninarudi Ukambani, maana ndiko nilikotaka kufika.

Jina la mji wetu, wasafiri wengi hawalijui maana yake. Wazee wetu walisema Mutitu wa Ndei, msitu wa tai wala mizoga. Mwandishi wa reli au wa ramani akasikia alivyosikia, akaandika Mtito Andei, na sasa hata sisi wenyeji tunaandika hivyo. Hakuna aliyekufa kwa kosa hilo, nami silalamiki. Nasema tu kwamba tumezoea kuandikwa na wengine.

Katika parokia, mama akileta mtoto kubatizwa, namwuliza jina. Ananiambia Brian au Precious. Nauliza, nyanya yake anamwitaje? Hapo mama hucheka, akitazama pembeni kama msichana wa kituo cha mabasi. Kyalo, ananiambia, alizaliwa tukiwa safarini. Wambua, mvua ilikuwa inanyesha. Mutuku, ilikuwa usiku. Naandika yote mawili katika daftari ya ubatizo, na wakati wa maji nayataja yote mawili. Mzee mmoja wa kanisa alinijia akasema jina la nyumbani si la Kikristo. Nilimwuliza kama Brian alikuwa mtume. Tumeendelea kuwa marafiki.

Lakini nisijifanye mwalimu wa wengine. Nilisoma shule ya bweni, nikiwa mtoto wa darasa la tano. Sitaitaja shule, maana jambo hili lilikuwa katika shule nyingi nchini. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika habari za jambo kama hilo shuleni kwao katika miaka ya 1950, nami nilizaliwa baada ya hayo kwa miaka mingi, nikalikuta lingali hai. Kwetu kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Aliyesikiwa akisema Kikamba alivikwa shingoni. Ili kukitoa ilimpasa amsikie mwingine akikosa, amvike yeye. Aliyekutwa nacho kengele ya jioni ilipolia ndiye aliyechapwa, tena mbele ya wote.

Angalieni jinsi kilivyofanya kazi. Mwalimu hakuhitaji kutusikiliza. Tulisikilizana wenyewe. Kila rafiki alikuwa askari wa rafiki yake.

Siku moja kibao kilikuwa shingoni mwangu na jua lilikuwa linashuka. Nilizunguka uwanja wote, kila mtu alikuwa ameniona mapema akafunga kinywa. Mtoto wa mama yangu mdogo alisoma darasa langu. Mama yake alikuwa mgonjwa, amelazwa hospitali, naye alikuwa hajapata habari tangu shule kufunguliwa. Nilimkuta penye bomba la maji amenipa mgongo, anaosha kikombe. Nikamwambia kwa Kikamba, polepole, "Habari za mama zimekuja." Kwa kusema hivyo nilivunja sheria, lakini aliyekwisha kuvaa kibao hakuwa na la kupoteza. Aligeuka mbio, uso wake umefunguka wote, akaniuliza kwa Kikamba yuko vipi, amepona? Nikaivua kamba nikamvika.

Alichapwa yeye. Mimi nilikula chakula cha jioni.

Nilipokwenda chuo cha theologia nilijifunza Kiebrania kidogo, nikafundishwa maana ya Hanania na Azaria, nikapata alama nzuri. Nilifundishwa pia kwamba chuo cha Limuru, kilichowalea makasisi wengi wa nchi hii, kilianzia Freretown mwaka 1903 kabla ya kuhamia bara mwaka 1930. Kwa hiyo najua mimi ni tunda la mti gani. Kitabu nilicho nacho, ukasisi nilio nao, hata redio hii ninayosemea, vimenifikia kwa mikono ya watu kama William Jones. Siwezi kuwatupa. Wala siwezi kusema kwamba kibao kile kiliokotwa njiani, hakikuletwa na mtu.

Ndugu yangu yule aliacha masomo baada ya darasa la nane. Mama yake alipona, ashukuriwe Mungu, akaishi miaka mingi. Yeye sasa ana kibanda cha kuziba mipira ya magari hapa Mtito Andei, kando ya barabara kuu. Kila tulipokutana alisema nami Kiswahili. Na mkewe, na wateja, na hata mbuzi wake, husema Kikamba. Nami nilidhani ni heshima kwa sababu ya kola yangu.

Mwaka juzi, katika Kwaresima, nilikwenda kwake jioni magari yalipopungua. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya kibao. Nilitegemea atacheka na kusema ni mambo ya utoto. Hakucheka. Aliendelea kuukaza mpira, kisha akaniuliza, kwa Kikamba, "Siku ile, ulikuwa na habari zake kweli?"

Nikamwambia sikuwa nazo.

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akanisogezea kiti, tukakaa mpaka giza lilipoingia, tukazungumza habari za mama zetu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na Danieli sura ya pili. Wenye Biblia waisome nyumbani kabla. Bwana awe nanyi nyote.